Majibu ya Kipimo cha Homoni za Uzazi: Anza na Tarehe, Namba Baadaye

"Dada, wameniambia homoni zimepanda."

"Imepanda ipi, mdogo wangu? Na damu ulitoa siku ya ngapi ya hedhi?"

La kwanza atajibu kwa kuninyooshea karatasi. La pili halina jibu. Miaka niliyokaa nyuma ya dirisha la maabara hapa Kigoma nimeyarudia mazungumzo haya na kina mama wa Mwanga, Gungu na Ujiji, na wengine waliopanda gari alfajiri kutoka Kasulu. Mtu ameshika karatasi yenye namba saba na herufi H mbili, usiku hakulala, na pengine njiani ameshanunua chupa ya dawa ya "kubalansi homoni". Mara nyingi mashine haijakosea. Kinachokosekana ni kitu ambacho mashine haikijui na hakuna aliyekiandika: ni lini aliona siku zake.

Kwa hiyo mwongozo huu unaanza kabla ya sindano.

Hatua ya 1: Angalia kama kipimo hiki unakihitaji sasa

Wanandoa wanaokutana mara kwa mara bila kinga hupewa muda wa miezi 12 kabla ya kuanza uchunguzi. Mwanamke akiwa na miaka 35 au zaidi, miezi 6 inatosha. Wapo wasiopaswa kusubiri kabisa: aliyekosa hedhi miezi mitatu na hana mimba, ambaye mzunguko wake uko chini ya siku 21 au unapita 35, anayetokwa na maziwa kwenye chuchu wakati hanyonyeshi, anayeota ndevu, na aliyewahi kutibiwa saratani.

Sasa niseme jambo ambalo wauza vipimo hawalipendi. Kama hedhi yako inakuja kila baada ya siku 28 au 30, mwezi hadi mwezi, na matiti yanajaa kidogo kabla yake, kuna uwezekano mkubwa kwamba yai linapevuka na kutoka vizuri. Orodha ndefu ya homoni itakula fedha bila kukuambia jipya. Homoni hazionyeshi mirija ya uzazi. Mwanamke aliyewahi kuugua kisonono au klamidia, au aliyepata maambukizi baada ya kujifungua au mimba kuharibika, anaweza kuwa na homoni za kupendeza na mirija iliyoziba pande zote mbili. Hilo huonekana kwa picha ya eksirei yenye dawa inayopitishwa kwenye kizazi, si kwa damu ya mkononi. Na mbegu za mume huonekana kwa kipimo cha mbegu, ambacho kwa kawaida bei yake ni nafuu kuliko homoni zote za mke zikijumlishwa.

Na kama hedhi imechelewa, pima mimba kwanza. Usicheke. Nimepokea sampuli ya homoni ya mtu aliyekuwa na ujauzito wa wiki saba.

Hatua ya 2: Hesabu siku, na hapa usikosee

Siku ya 1 ni siku damu inapotoka kama hedhi kamili. Matone ya jana yake yaliyochafua nguo kidogo hayahesabiwi. Iandike kwenye simu, kwenye kalenda ya ukutani, popote.

FSH na LH (homoni za ubongo zinazoziamuru ovari) na estradioli (homoni ya ovari zenyewe) hutolewa damu siku ya 2 hadi ya 5. Wengi huchagua ya 3. Kipindi hicho ovari, yaani vifuko vya mayai, zimetulia, na viwango vinavyotumika kupima uwezo wake vimepangwa kwa siku hizo.

Projesteroni, homoni inayopanda yai likishatoka, ni habari nyingine. Utaambiwa "njoo siku ya 21", na hilo ni sahihi kwa mwenye mzunguko wa siku 28 tu. Kanuni yenyewe ni siku 7 kabla ya hedhi inayofuata. Mwenye mzunguko wa siku 32 atakuja siku ya 25. Mwenye siku 35 atakuja siku ya 28. Nimeona wanawake wenye mizunguko mirefu wakiambiwa mayai hayatoki, kumbe walipimwa siku ya 21 wakati yai lilikuwa halijatoka bado.

Prolaktini (homoni ya maziwa), TSH (ya tezi ya shingo) na AMH (ya akiba ya mayai) hazingoji tarehe. Mwanamke asiyeona hedhi kabisa hupimwa siku yoyote, mradi aeleze hivyo.

Kwa anayetoka mbali, tuseme Kalya au Buhingu kule kusini kando ya ziwa, hesabu hii inagusa nauli. Ukisubiri hedhi ianze ndipo utafute boti, siku ya 5 inaweza kukukuta bado uko njiani. Panga kufika mjini siku moja au mbili kabla ya tarehe unayotarajia, ufikie kwa ndugu. Kabla ya hapo piga simu maabara uulize mambo mawili: wanapima homoni hiyo hapohapo au wanaituma nje ya mkoa, na siku gani wanapokea sampuli. Si kila maabara ya wilayani ina mashine ya homoni, na damu inayosafirishwa inahitaji kutenganishwa na kutunzwa kwenye baridi.

Hatua ya 3: Taja kila unachomeza, unachochomwa na unachopandikizwa

Vidonge vya majira, kijiti na sindano ya miezi mitatu hubadilisha au huzima mazungumzo kati ya ubongo na ovari. Ukipima FSH na LH ukiwa navyo unapima dawa, hujipimi wewe. Kwa sindano, hata baada ya kuacha, uzazi unaweza kuchukua miezi mingi kurudi, kwa wengine karibu mwaka tangu dozi ya mwisho. Hiyo si kuharibika kizazi, ingawa mtaani ndivyo isemwavyo.

Prolaktini ina maadui wengi zaidi: metoklopramidi ya kuzuia kutapika, domperidoni, methildopa ya presha, haloperidoli na dawa nyingine za magonjwa ya akili. Zote huipandisha. Usiache dawa ya presha au ya akili kwa sababu ya kipimo. Mwambie daktari unaitumia, yeye ataamua.

Halafu kuna vidonge vya nywele na kucha vyenye biotini, aina ya vitamini. Watu hawavihesabu kuwa dawa. Biotini nyingi huichanganya mashine yenyewe: kwa baadhi ya mashine TSH, FSH na prolaktini husomeka chini kuliko zilivyo, na estradioli na testosteroni (homoni ya kiume) husomeka juu. Mamlaka ya dawa ya Marekani ilitoa tahadhari kuhusu hili mwaka 2017. Viache siku tatu kabla. Miti shamba nayo itaje, hata kama aliyekupa ni bibi na unaona aibu.

Hatua ya 4: Asubuhi ya kutoa damu

Kwa FSH na LH, kula au kutokula hakuna shida. Kwa prolaktini, usije umetoka kitandani moja kwa moja, kwa kuwa hupanda ukiwa usingizini. Amka, kaa saa mbili au tatu, kisha njoo. Hupanda pia kwa hofu, kwa mazoezi, kwa tendo la ndoa na kwa kuchezewa chuchu. Aliyefika kwa bodaboda akigombana na dereva juu ya chenji, akakimbilia foleni, akachomwa sindano papo hapo, asishangae namba ikivuka mstari. Kaa kwenye benchi nusu saa. Mtaalamu akikuita kabla, mwombe akusubirie.

Kabla hujaondoka, hakikisha kwenye fomu wameandika umri wako, siku ya 1 ya hedhi ya mwisho, na saa damu ilipotolewa. Hakuna nafasi ya kuandika? Waombe waandike pembeni.

Hatua ya 5: Soma kulia kabla ya kushoto

Majibu yakitoka, macho hukimbilia namba. Yazuie. Angalia kwanza kizio, yaani herufi kama ng/mL, kilichoandikwa baada ya namba, kisha safu ya viwango vya kawaida upande wa kulia.

Vizio ndivyo vinavyowafanya kina mama walinganishe majibu na kulia bure. Projesteroni 12 ng/mL na projesteroni 38 nmol/L ni kitu kilekile. Wifi yako akipimwa Mwanza kwa kizio kimoja na wewe hapa kwa kingine, hujashindwa. Kwa anayetaka kugeuza mwenyewe kwa kikokotoo cha simu: projesteroni ng/mL zidisha kwa 3.18 upate nmol/L. Estradioli pg/mL zidisha kwa 3.67 upate pmol/L. Prolaktini ng/mL zidisha kwa 21.2 upate mIU/L. AMH ng/mL zidisha kwa 7.14 upate pmol/L. FSH na LH hazina kazi hiyo, kwa kuwa mIU/mL na IU/L ni namba ileile.

Safu ya kulia kwa FSH, LH, estradioli na projesteroni huwa na mistari kadhaa, kwa kawaida kwa Kiingereza. Follicular ni siku za mwanzo, kuanzia hedhi hadi kabla ya yai kutoka. Midcycle au Ovulation ni siku yai linapotoka. Luteal ni baada ya hapo hadi hedhi. Postmenopausal ni aliyekoma hedhi. Tafuta mstari wa siku yako na usome huo peke yake. Herufi H, yaani juu, au L, yaani chini, hubandikwa na kompyuta, na kama haikuambiwa siku yako, imebahatisha mstari.

Mama mmoja wa Ujiji alikuja na FSH 18 na LH 42. Alikuwa na miaka 34. Aliyemuuzia dawa alimwambia mayai yameisha. Tukahesabu pamoja kwenye kalenda ya ukutani: damu ilitolewa siku ya 14. Siku hizo LH huruka ghafla, siku moja au moja na nusu kabla ya yai kutoka, na FSH hupanda pamoja nayo. Ile karatasi aliyoililia ilikuwa inamwambia kwamba yai lilikuwa linakaribia kutoka. Aliporudia siku ya 3, FSH ilikuwa 6 na LH 5.

Hatua ya 6: Kila homoni inasema nini

FSH hutoka kwenye tezi ya pituitari chini ya ubongo, na kazi yake ni kuziita ovari zikuze mayai. Fikiria mama anayemwita mtoto aliye mbali ufukweni: asipoitika, sauti hupanda. Ndiyo maana FSH ya juu ni dalili ya ovari zilizochoka, si ya nguvu. Siku ya 3, wanawake wengi walio katika umri wa kuzaa huwa kati ya 3 na 10. Ikipita 10, daktari huanza kufikiria akiba ya mayai imepungua. Ikipita 25 kwa mwanamke aliye chini ya miaka 40 ambaye hedhi imekatika au inaruka, hiyo ni habari nzito ya ovari kuwahi kuchoka, na inataka daktari bingwa, si duka.

Estradioli ya siku ya 3 ipo ili kumchunga FSH. Ikiwa juu, tuseme inapita 80 pg/mL, hunyamazisha pituitari, na FSH ya 7 inayoonekana nzuri inaweza kuwa imefichwa. Zisomwe pamoja daima.

LH iliyo juu kuliko FSH mara mbili au tatu siku za mwanzo huonekana kwa wengi wenye PCOS, hali ya ovari zenye vijifuko vingi vidogo. Lakini uwiano huo peke yake hautoshi kumwita mtu mgonjwa. PCOS hutambuliwa kwa kuwa na mawili kati ya matatu: hedhi isiyo na mpangilio, dalili au kipimo cha homoni za kiume zilizozidi, na ovari zenye vijifuko kwenye utrasaundi. Vijifuko hivyo ni mayai yaliyokwama njiani. Si uvimbe wa kukatwa.

Projesteroni: ikiwa zaidi ya 3 ng/mL, yai limetoka. Wapo madaktari wanaotaka ifike karibu 10 ndipo waridhike. Ikiwa chini, usikate tamaa siku hiyohiyo. Subiri hedhi ije, kisha hesabu kurudi nyuma hadi siku ya kipimo. Kama ni siku 7 hivi, tarehe ilikuwa sahihi na jibu ni la kweli. Kama hedhi ilikuja siku mbili tu baadaye, au baada ya wiki mbili, ulipimwa siku isiyo yake. Hesabu hii haina gharama na watu hawaifanyi.

Prolaktini kwa mwanamke asiyenyonyesha huwa chini ya 25 ng/mL hivi. Ikiwa 30 au 40, rudia ukiwa umetulia kabla ya kuanza dawa yoyote. Ikipita 100, hasa ukiwa na kichwa kinachouma kila siku au macho yasiyoona vizuri pembeni, usisubiri mwezi ujao: huenda kuna kivimbe kwenye pituitari. Mara nyingi hutibika kwa vidonge.

TSH hupima tezi ya shingo. Kwa kawaida ni 0.4 hadi 4.0 mIU/L. Ikiwa juu sana, tezi imelegea, hedhi huvurugika, na prolaktini hupanda nayo. Ndiyo maana mtu hatibiwi prolaktini kabla TSH haijajulikana. Mkoa wetu una Uvinza, palipochemshwa chumvi karne nyingi kabla reli haijafika, lakini chumvi yoyote hulinda shingo pale tu ilipotiwa madini joto. Mwenye rovu, yaani uvimbe wa tezi shingoni, aombe TSH hata kama hakutumwa.

AMH ndiyo inayowatisha wasomi. Inakadiria mayai yaliyobaki, na humsaidia daktari anayepanga upandikizaji wa mimba kujua atapata mayai mangapi. Haitabiri kama utashika mimba kitandani kwako. Utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2017, kwa wanawake wa miaka 30 hadi 44 wasio na historia ya ugumba, haukuona kwamba wenye AMH ndogo walipata mimba kwa shida kuliko wenzao. Kwa mwenye PCOS huwa juu, na kuwa juu sana si sifa. Mfuko ukiwa mdogo, hiki ndicho kipimo cha kukiacha kwanza.

Hatua ya 7: Baba naye

Shemeji zangu hunikwepa dirishani. Mwanaume huanza na kipimo cha mbegu, akiwa amejizuia siku 2 hadi 7. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2021 unaweka mpaka wa chini kwenye milioni 16 kwa mililita, na angalau asilimia 42 ziwe zinatembea. Homoni hufuata pale mbegu zinapokuwa chache sana. FSH ikiwa juu, korodani zenyewe ndizo zimeumia. FSH, LH na testosteroni zote zikiwa chini, tatizo liko kwenye pituitari, na hilo mara nyingi lina dawa.

Testosteroni hupimwa kati ya saa moja na saa nne asubuhi, kabla ya kula, na ikiwa chini hurudiwa siku nyingine. Hapa kwetu kuna mtego. Saa hizo zimewekwa kwa mtu aliyelala usiku. Mvuvi wa dagaa aliyekesha na taa ziwani akija saa mbili asubuhi, mwili wake hauko asubuhi. Amweleze daktari saa anazolala, au aje siku za mbalamwezi, vipe, yaani vyombo vya dagaa, vikiwa vimepumzika naye amelala usiku kama wengine kwa siku kadhaa. Na yeyote aliyetoka kuugua malaria asipime mara moja: ugonjwa hushusha testosteroni, na mbegu huchukua karibu miezi mitatu kutengenezwa upya.

Anayechomwa testosteroni ili "apate nguvu" ajue kwamba hiyo ndiyo huzima utengenezaji wa mbegu.

Hatua ya 8: Ukishayasoma

Usinunue klomifeni dukani kwa ushauri wa jirani. Inasukuma mayai, inaweza kuleta mapacha, na haifanyi lolote kama mirija imeziba au mbegu hazipo. Miezi sita ya klomifeni kwa mtu ambaye mume wake hajapimwa ni miezi sita iliyopotea.

Jibu lolote lililokushtua lirudiwe, siku sahihi, maabara ileile ikiwezekana. Kisha nenda kwa daktari wa magonjwa ya wanawake, kwa mfano kupitia hospitali ya rufaa ya mkoa, Maweni, au ukipewa rufaa, Bugando kule Mwanza. Nenda na mwenzako. Beba majibu yote, hata ya zamani, maana daktari husoma mwelekeo kuliko namba moja.

Karatasi ya fakisi, ile laini kama ya risiti, hufifia ndani ya miezi michache kwenye joto letu, na wino wa mashine nyingine haushindi jasho la mkoba. Ipige picha siku unayoipokea. Kabla ya kuipiga, chukua kalamu uandike juu yake kwa herufi kubwa: siku ya 1 ilikuwa tarehe fulani, damu ilitolewa siku ya ngapi, natumia dawa gani. Hedhi inayofuata ikija, ongeza tarehe yake chini.